Waraka kwa Majirani Wapya wa Vilima vya Pugu na Kisarawe

Kwenu ndugu zetu mliohamia, mnaojenga, na nyinyi mlionunua mkazungushia ukuta mkisubiri bei ipande.

   Mvua zimepita, mihogo imeshika, na mafenesi yameanza kuiva.

Ninaandika kwa heshima kwa sababu jirani haandikiwi kwa matusi. Lakini yapo mambo tuliyoyasema kwa mjumbe, tukayasema kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaja kuyasema getini kwenu, na kila mara mlinzi akatujibu kwamba bosi hayupo. Nimeona bora niyaandike ili yamfikie bosi mwenyewe, popote alipo.

Kwanza, karibuni. Nalisema neno hili kwa moyo mweupe. Hakuna mtu huku mwenye haki ya kudai kwamba vilima hivi ni vya ukoo mmoja. Wazaramo walitangulia, wakaja watu wa reli ya kati iliyopenya vilima vya Pugu enzi za Wajerumani, wakaja wamisionari na shule zao za Pugu na Minaki, wakaja wachimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe, wakaja walimu, manesi na makarani kutoka kila mkoa. Wote walipata mahali pa kulala na mahali pa kuzikwa. Nyinyi si wa kwanza, wala hatuwaandikii kwa kuwa ni wageni. Tunawaandikia kwa kuwa mmeshakuwa wenyeji, na mwenyeji ana wajibu.

Najua mlichokifuata. Mtu akitoka mjini kwa Barabara ya Nyerere, akaiacha Gongo la Mboto na moshi wake, akapita Pugu hadi Kajiungeni na kushika njia ya Kisarawe, hewa inabadilika. Barabara inapanda katikati ya msitu, madirisha ya gari yanafunguliwa, na usiku huku watu wanajifunika shuka. Mwinuko peke yake hauwezi kuleta hayo. Vilima vyenyewe vina mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari. Bila miti mngeendelea kutokwa jasho sawasawa na ndugu zenu wa Buguruni. Ubaridi mnaoupenda unatoka kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu na Kazimzumbwi, msitu wa pwani uliobaki mlangoni kwa mji ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 5.3.

Dalali aliyewaleta analijua hilo. Aliwasimamisha penye upenyo, akawaonyesha kijani kilichotanda, na kijani hicho kikaingia kwenye bei ya hatua ishirini kwa ishirini. Mlilipia msitu. Ndiyo maana inatuuma kuona kwamba kazi ya kwanza kwenye kiwanja, kabla hata msingi haujachimbwa, ni kung'oa mwembe na mikorosho iliyokuwepo, kusawazisha ardhi kwa greda, kisha kumwaga kokoto na kupanga pevingi mpaka ukutani. Baadaye mnanunua miti ya mapambo kwenye vitalu vya barabarani na kuipanda kwa mstari, na kila jioni mtu anaajiriwa kuimwagilia kwa maji ya bomba. Mwembe mliouondoa ulikuwa umewazidi umri wote mliokuwepo siku hiyo, na haukuwahi kumdai mtu maji.

Sasa habari ya maji yenyewe, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu.

Ardhi ya vilima hivi ni mchanga uliochanganyika na kaolini. Ikiwa imefunikwa na miti na majani makavu, inakunywa mvua taratibu na kuitoa taratibu kwenye vijito. Ikivuliwa nguo, haina ubishi: mvua ya nusu saa inachora mfereji, masika moja yanaufanya mfereji kuwa korongo, na korongo likishaanza halirudi nyuma. Wazee waliotutangulia hawakusomea uhandisi, lakini hakuna aliyejenga kwenye njia ya maji. Walikuwa wanaiacha wazi hata kama ni kipande kizuri kilicho karibu na barabara.

Kwenye mtaa wetu upo mkondo ambao kila mtu anaujua. Kiangazi ni mfereji mkavu wenye mchanga laini, watoto wanachezea mpira humo. Masika unakuwa mto kwa saa mbili au tatu, kisha unarudi kuwa njia ya watu. Mwenye kiwanja mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, alijenga ukuta wa tofali za saruji ukaukatiza mkondo huo moja kwa moja. Chini ya ukuta fundi aliacha tundu na kupitisha bomba la inchi nne. Watu walimwambia fundi kwamba maji ya pale hayatoshi kwenye bomba la inchi nne. Akajibu kwamba ramani imekuja hivyo. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilipofika, majani na chupa za plastiki vikaziba bomba. Maji yakajikusanya nyuma ya ukuta, yakatafuta upenyo pembeni, yakapita uani kwa mama mmoja mjane anayeuza maandazi. Yakaondoka na choo, yakaondoka na banda la kuku, yakaacha shimo ambalo mtu mzima akisimama ndani, kichwa hakionekani. Ukuta ulisimama. Aliyebebeshwa gharama yake ni yule mama, ambaye hakununua hata tofali moja.

Tulikwenda kwa mwenye ukuta. Hatukufunguliwa.

Nawaomba mlifikirie jambo hili si kwa ajili yetu peke yetu. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi. Unateremka kupitia Vingunguti, Tabata na Kigogo, unatandaa pale Jangwani, na kuingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Mto Kizinga nao unapata maji yake huku, na mtambo wa maji wa Mtoni unayategemea. Maana yake ni kwamba mchanga unaotoka kwenye kiwanja chako kilichokwanguliwa unasafiri mpaka kwa mama yako uliyemwacha Kigogo na kwa shemeji yako mwenye duka Kariakoo, anayeshindwa kuvuka Jangwani kila mvua ikizidi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imefurika mara kwa mara mbele ya macho ya nchi nzima. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Sehemu ya kazi hiyo ni kuondoa mchanga na tope. Mchanga ule haukuota Jangwani. Mwingine uliteremka kutoka huku, na deni la kuuondoa tutalilipa sote, pamoja na watoto wenu waliomo ndani ya kuta hizo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wenu mnaijua vizuri kuliko sisi. Baadhi mnafanya kazi kwenye ofisi zinazoisimamia. Atakayesema kwamba mkondo wa msimu si mto aje aone ua wa yule mama.

Niguse mkaa. Alfajiri, kabla ya adhana, pikipiki zinateremka kutoka upande wa msituni zikiwa zimezima taa. Nyuma ya dereva kuna magunia ya lumbesa, yamefungwa kwa mipira ya tairi, midomo yake imeshonewa majani ili mkaa usimwagike. Kijana anayeendesha ni wa kwetu, tunamjua na tunamjua baba yake. Tumemkanya, na watu wa Wakala wa Huduma za Misitu wamewahi kumkamata. Lakini mkaa haungeshuka kama chini kusingekuwa na mnunuzi, na siku hizi hana haja hata ya kufika mjini. Anasimama kwenye mageti yenu. Mna majiko ya gesi ndani, hilo hatulikatai. Gunia linanunuliwa kwa ajili ya kupikia mafundi, kwa ajili ya maharage ambayo mnasema yanamaliza gesi, na kwa ajili ya nyama ya Jumamosi mnapoalika wenzenu kutoka mjini waje kuvuta hewa safi.

Tanuri la udongo linakula kuni tani tano hadi kumi kutoa tani moja ya mkaa. Kwa hiyo gunia mlilolipitisha getini ni mti mzima uliobaki moshi, nao ulisimama mahali ambapo mgeni wenu wa Jumamosi alisimamisha gari akapiga picha. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2009 ilikisia kwamba Tanzania inatumia mkaa tani milioni moja kwa mwaka, na nusu yake inaishia Dar es Salaam. Serikali imejiwekea lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Watu wenye uwezo wa kujenga ghorofa Kisarawe hawana sababu ya kusubiri mwaka 2034.

Kijana yule naye nimseme kwa haki. Hapati utajiri. Faida inabaki kwa mwenye gari na mwenye stoo. Angepata kibarua cha kudumu kwenye bustani zenu, au kazi ya kuotesha miche ya miti ya asili badala ya ile mnayoinunua barabarani, pikipiki ingebeba abiria. Wapo kati yenu wanaoajiri watu kutoka mbali na kuwapita vijana wa kitongoji kwa hoja kwamba ni wezi. Hatujaona kesi. Tumeona vijana wanaokaa kijiweni wakiangalia magari yenu yakipita.

Kwa wale wenu mlio na vyeo Jijini nina neno la ziada. Tangu Februari 2021, Ilala ilipopandishwa hadhi, Pugu imo ndani ya Jiji la Dar es Salaam moja kwa moja, na mpaka kati yetu na Pugu ni mstari wa ramani tu. Upepo na maji haviutambui. Angalieni vilima hivi vimeupa mji nini. Vimeupa njia ya reli. Vimeupa mito. Vimeupa kaolini, na mapango yaliyoachwa na uchimbaji huo leo yana popo. Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha Pugu wakati TANU inaanzishwa Julai 1954, na ilipofika 1955 aliacha kazi hiyo ya ualimu ili asimame kwenye siasa. Na treni ya reli ya kisasa iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024 inapita Pugu na ina kituo hapo. Mji nao umevipa vilima dampo la Pugu Kinyamwezi. Upepo ukigeuka, moshi wa takataka za mji mzima unaingia madarasani. Mtoto wa Pugu hatupi taka nyingi kama mtoto wa Masaki, lakini anazivuta puani zote. Hili si jambo la adabu kwa mji unaotuma watu wake kuja kununua hewa kwetu.

Msituni humo anaishi komba mdogo sana aitwaye komba wa Rondo, uzito wake gramu 60 hivi, kama yai kubwa la kuku. Ameshawekwa zaidi ya mara moja kwenye orodha ya jamii 25 za nyani na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Makazi yake ni vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, na Pugu na Kazimzumbwi ni kimojawapo. Anatembea usiku, anatafuta wadudu gizani, anaitana na wenzake kwa sauti. Taa kali mlizofunga juu ya kuta zinawaka mpaka asubuhi zikiwa zimeelekezwa msituni. Spika za sherehe zinapigwa mpaka saa tisa usiku. Binadamu wa huku anaweza kuja kulalamika, hata kama hafunguliwi. Komba hana wa kumtuma. Geuzeni taa zitazame ndani ya ua, mnakolinda mali zenu, na muziki uzimwe saa ambayo mngetaka uzimwe kama ungekuwa unapigwa nje ya dirisha la mgonjwa wenu.

Niseme na la mazishi, kwa sababu kwetu hilo ndilo linalopima ujirani. Mzee aliyeuza kipande chake kwa watatu kati yenu alifariki. Turubai lilifungwa hatua chache kutoka kwenye mageti yenu, matanga yakakaa, kisomo kikasomwa. Magari yalipita, vioo vikiwa juu. Hakuna aliyetarajia fedha. Mtu akisimama, akashuka, akasema poleni, inatosha. Mtoto wa marehemu bado anauliza kama mlijua kwamba aliyefariki ndiye yule aliyewapokea kwa madafu siku mlipokuja kupima.

Viongozi wetu nao wasome barua hii, kwa sababu ukuta wa kwenye mkondo haukujijenga. Kuna mtu alisaini hati ya mauziano akijua pale ni njia ya maji, akachukua asilimia yake. Upande wa Chanika watu waliwahi kuuziwa vipande ndani ya hifadhi, na walipoondolewa, waliowauzia hawakurudisha hata senti. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji hana mamlaka ya kugawa hifadhi, wala hana mamlaka ya kuuza mkondo. Mnunuzi naye mwenye elimu ya chuo kikuu na wakili wa familia hawezi kujitetea kwamba alidanganywa na dalali wa kijiweni. Kabla ya kulipa, nendeni ofisi ya ardhi ya wilaya na ya misitu muulize. Nauli ya bodaboda haifiki elfu tano.

Tunachowaomba ni kitu ambacho mnakiweza. Mwenye ukuta kwenye mkondo aubomoe sehemu ile, aweke kalavati la kweli linalolingana na maji ya pale. Nyinyi wengine acheni sehemu ya ua iwe udongo wenye majani, ili mvua ipate pa kuingia. Si lazima kila hatua ya kiwanja ifunikwe. Miti iliyopo ibaki. Gunia la mkaa lisipite getini. Na mlionunua mkaacha pori tupu ndani ya ukuta, njooni mpande hata mikorosho. Itashika udongo, na mkiamua kuuza, mwenye kuja atawashukuru.

Mkutano ujao wa kitongoji, ajenda yake ya kwanza ni kalavati la mkondo huo na choo cha yule mama. Makisio ya fundi yameshaandikwa na kubandikwa ofisini. Kaya za zamani zimeanza kuchangia saruji, na asiye na saruji amejiandikisha kwa siku za kibarua. Orodha ina nafasi za majina yenu, nazo bado ziko tupu. Njooni wenyewe, msimtume mlinzi.

Wasalaam,
Jirani yenu wa Kisarawe